Masurufu ya Mashua: Safari ya kutoka Lamu mpaka Ndera

Msomaji akiikunjua ramani ya Kenya na kuutafuta Mto Tana, ataona kwamba mto huo, ulio mrefu kuliko yote nchini, watoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, wazunguka nchi kavu ya mashariki, kisha washuka kusini kupita Garissa, Hola na Garsen mpaka kuingia baharini penye Ghuba ya Ungwana. Juu ya Garsen, pale mto unapojipinda kama nyoka aliyekanyagwa, ndiko iliko nchi ya Ndera. Ndera ni jina la mlango mmoja wa Wapokomo, na ni jina la nchi yao pia: mashamba ya kando ya mto, miembe, migomba, na misitu ambayo ndani yake huishi mbega mwekundu wa Tana, mnyama asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Kwa ajili ya mbega huyo na nyani wenzake, sehemu ya misitu hiyo ilitengwa mwaka 1976 kuwa hifadhi.

Siku hizi mtu atokaye Lamu kwenda Ndera huvuka mlango wa bahari mpaka Mokowe, hupanda gari, na kwa barabara ya lami hufika Garsen kabla ya jua kuchwa. Lakini barabara hiyo nayo ina siku zake. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliikata penye Lango la Simba, na abiria wakawa wakivushwa kwa mashua juu ya lami waliyozoea kupita kwa basi. Baada ya hapo wenyeji wengi walikumbuka kwamba kabla ya lami palikuwa na njia nyingine, ile iliyotumiwa na babu zao: bahari mpaka Kipini, Mto Ozi mpaka Kau, kisha mitumbwi.

Njia hiyo ndiyo waliyoichagua watu watano wa Ndera waliokuwa wakifanya kazi Lamu, mwezi wa Desemba 2024. Mmoja alikuwa mwalimu, wawili waashi, mmoja mshoni, na wa tano kijana mpwa wa mwalimu. Sababu yao haikuwa matembezi. Mafuriko ya Aprili na Mei ya mwaka ule yalikuwa yamechukua mashamba ya kando ya mto, na mvua za vuli zilizofuata zilikuwa chache mno. Nyumbani mbegu zilikuwa zimekwisha. Wakachanga fedha, wakanunua magunia mawili ya mbegu ya mpunga na moja la mahindi, pamoja na mabati machache ya nyumba ya bibi yao. Nauli ya kupakia vyote hivyo garini, na kuvipakua, na kuvipakia tena, iliwatisha. Mmoja wa wale waashi alikuwa amevua samaki miaka minne kabla ya kushika mwiko, naye akasema, “Kwa nini tusikodi mashua?”

Ukodishaji walioupata ni ule ambao mabaharia wa Ulaya na wa visiwa vya Karibi wameufanya biashara kubwa tangu miaka ya 1960. Mwenye chombo hukitoa kitupu. Hatoi nahodha, hatoi baharia, hatoi hata punje ya mchele. Mkodi akishatia sahihi, kwa muda wa mkataba yeye ndiye mwenye chombo: akikipasua ni juu yake, akikichelewesha ni juu yake, na watu wake wakilala njaa hana wa kumlalamikia. Katika bandari za Ugiriki mkodi hukuta jahazi limeoshwa, na dukani pameandaliwa vikapu vya chakula alivyoagiza. Lamu hapana duka la namna hiyo. Mwenye mashua aliwaonyesha tanga, foromali, nanga na amari yake, usukani, upo wa kutekea maji, na jaketi za kuokolea tano kama sheria itakavyo. Akaandika karatasi ya siku 14, akachukua rehani yake, akaenda zake kunywa kahawa.

Kabla ya kununua chochote walikwenda kumwamkia mzee mmoja wa mtaani, nahodha wa zamani ambaye macho yake yalikuwa yamechoka lakini masikio mazima. Walimshika mkono, wakaketi barazani kwake, wakamweleza.

“Vema, wanangu,” mzee akasema. “Basi nijibuni matatu. Mna maji ya siku ngapi? Mtafika Kipini bahari ikiwa katika hali gani? Na huko mwendako, nani ataamka asubuhi akijua mnakuja?”

La kwanza walilijibu vizuri, na hapana budi kuwapa sifa zao. Mwalimu alikuwa amefanya hesabu katika daftari. Safari aliikadiria siku 7, akaongeza moja ya dharura, zikawa 8. Watu watano kwa siku 8 ni milo ya siku 40. Kipimo alichotumia ni kile cha misafara ya zamani, yaani kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Vibaba 40 ni pishi 10, na kwa mizani ya siku hizi ni kama kilo 27. Akagawa nusu mchele, nusu unga. Akaongeza kunde, chumvi, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na nazi 12. Maji aliyahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia, lakini kwa siku tatu tu, maana juu ya Kau mto wenyewe una maji matamu yanayoweza kuchemshwa. Hiyo ilikuwa lita 75, madumu manne ya lita 20 yasiyojazwa mpaka mdomoni.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na mtakula nini siku ambayo moto hauwaki?”

Hapo daftari lilikuwa tupu. Watu wa bara hudhani kwamba chakula cha safari ni chakula cha nyumbani kilichotiwa katika gunia. Baharini kuna siku ambazo seredani haikai wima, na kuna siku ambazo kuni zimelowa. Mchele mbichi siku hiyo ni sawa na changarawe. Mabaharia wa Lamu walilijua jambo hili zamani sana, ndiyo sababu wakawa na mkate wa mofa, ule mkate mdogo mgumu uokwao katika tanuri ya udongo, ambao huvumilia njia bila kuoza, na hulainika ukichovywa katika chai au hata katika maji matupu. Pamoja na mofa huenda tende, na ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani. Vitu hivi vitatu havihitaji moto wala sufuria. Mzee akawaamuru wanunue mofa za siku tatu, bunda la tende, na ng'onda wa kutosha, wavitie katika debe lenye kifuniko, na debe lenyewe lifungwe juu, karibu na mlingoti, wala lisitiwe chini ya shehena. Viberiti vitiwe ndani ya chupa yenye kizibo. Ndimu zisisahauliwe. Haya yote waliyafanya, na mbele itaonekana kwamba bila debe lile hadithi hii ingekuwa fupi.

La pili hawakulijibu vizuri. Kwa faida ya msomaji wa bara yafaa lielezwe kidogo.

Bahari ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila mchana na usiku mmoja, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na kujaa kwake huwa karibu na saa 10 alasiri, na tena saa 10 usiku. Katikati ya bamvu mbili huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Basi mto uingiapo baharini huacha mchanga wake mlangoni, na Tana ni mto wa matope mengi. Kilango cha Kipini kina mafungu ambayo mawimbi huvunjika juu yake, na chombo chenye shehena hakina budi kupita juu ya mafungu hayo maji yakiwa yamejaa. Kwa bamvu, atokaye Lamu alfajiri kwa upepo wa kaskazi hufika Kipini alasiri wakati maji yanapojaa, na bado ana saa mbili za mchana za kutafuta mahali pa kutia nanga. Mtu angedhani bahari na upepo vimeshauriana.

Mwezi mpevu wa Desemba ule ulikuwa tarehe 15. Mzee aliwaambia waondoke tarehe 16 au 17, au kama hawawezi, wangoje bamvu ya mwezi mwandamo, tarehe 30. Lakini likizo ya mwashi mmoja ilianza tarehe 20, Ijumaa, na siku za mkataba zilikuwa zimekwisha anza kuhesabiwa. Waliondoka Jumamosi tarehe 21, baada ya sala ya alfajiri.

Kwa la tatu, mwalimu alijibu kwamba amepiga simu. Alikuwa amewaambia jamaa zake Ndera kwamba watafika tarehe 27 jioni, na amewaambia wenye mitumbwi wawili wa Kau wawangoje tarehe 22. Mzee akatikisa kichwa, asiseme neno.

Mashua ilitoka mlango wa Shela vizuri, kaskazi ikiwa mgongoni, ufuo wenye vilima vya mchanga ukienda nyuma upande wa kulia. Mpwa alitapika mara mbili, kisha akazoea. Saa 8 mchana waliona bahari imebadilika rangi kutoka buluu kuwa kama chai ya maziwa, wakajua kwamba wamefika kwenye maji ya Tana. Ilikuwa ndiyo saa ya kupwa. Mawimbi yalikuwa yakivunjika mlangoni safu baada ya safu. Mtu mwenye subira angetia nanga nje, akapika, akalala kidogo, akangoja mpaka jioni. Mwashi mvuvi alitaka kungoja. Wengine waliona mnara wa simu na minazi ya Kipini, wakaona na watu wakitembea ufukoni, wakasema ni karibu mno kungoja.

Mashua ikapanda fungu. Haikupasuka, kwa kuwa ni mchanga, lakini ilikaa pale saa mbili na nusu, tezi ikielekea baharini, na kila wimbi la tatu au la nne lilimwaga maji ndani. Walifua maji kwa upo, kwa sufuria, kwa makopo. Saa 11 bahari ilipokuwa imejaa nusu, chombo kikainuka, kikatingishika, kikaelea. Wakaingia mtoni magharibi ikiadhiniwa.

Kisha wakatazama shehena. Magunia ya mbegu yalikuwa yamewekwa chini kabisa, juu ya ngama, ili mashua isiwe nyepesi, na juu yake mabati, na juu ya mabati chakula chao wenyewe, ili kiwe karibu na mkono. Kwa mpangilio wa mizigo ilikuwa sawa. Kwa jambo lililowatoa Lamu, walikuwa wamekiweka mahali pabaya kuliko pote kile kitu kimoja ambacho hakikupaswa kulowa. Gunia la mahindi lilikuwa limefungwa kwa karatasi ya nailoni, likasalimika. Gunia moja la mpunga lililowa nusu, nalo la pili lote. Mpunga ulionyweshwa maji ya chumvi hauoti. Unga nao, kilo 13, ulikuwa umekuwa uji. Simu ya mwalimu, iliyokuwa mfukoni, ilikufa. Ya mshoni ilikuwa nzima, lakini hakuwa na namba za watu wa Kau wala za Ndera.

Siku ya tarehe 22 yote ilikwenda katika kuanika. Mama mmoja wa Kipini aliwapa majamvi manne bila kuulizwa. Mpunga ulionusurika wakautenga. Ule uliolowa wakausuuza kwa maji ya kisima, wakauanika, ingawa kila mtu alijua kwamba hautapandwa. Jioni walikula mofa na ng'onda.

Tarehe 23 walipanda Mto Ozi. Hapa bahari humsaidia msafiri anayeijua: maji yakianza kujaa huingia mtoni na kuusukuma mkondo urudi juu, na chombo huchukuliwa bila tanga. Waliondoka Kipini saa 11 alfajiri, wakapita mikoko, kisha mashamba ya Ozi. Katika miaka ya karibuni maji ya chumvi yamezidi kupanda mpaka kwenye mashamba hayo, yakaua mpunga na miembe, na atekaye maji ya kunywa hapo yampasa aonje kwanza. Afadhali ateke wakati wa kupwa, mkondo wa mto unaposhuka.

Kau ni kijiji kidogo sasa. Zamani ulikuwa mji wa biashara, ambapo nafaka na pembe za Tana zilibadilishwa na nguo za pwani. Kwa sababu ya biashara hiyo, katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni, ili mitumbwi ya nafaka ipite kutoka Tana kuingia Ozi bila kwenda baharini. Mto ukaupenda mfereji ule. Ukaupanua mwaka hata mwaka, mpaka Tana ikaacha kilango chake cha kale na kuanza kutokea Kipini. Ni watu wachache duniani waliochimba njia ya kupitishia chakula, wakajikuta wamehamisha mto mzima.

Wenye mitumbwi hawakuwako. Walikuwa wamengoja tarehe 22 tangu asubuhi mpaka usiku, na tarehe 23 alfajiri walikuwa wamechukua mzigo wa mtu mwingine. Wangerudi kesho yake. Hawakuwa na kosa: mtumbwi usiopakia haumlishi mwenyewe. Ndipo mwalimu alipokumbuka kichwa cha yule mzee kilivyotikisika.

Waliiacha mashua Kau kwa mlinzi, wakalala siku moja, na tarehe 25 wakaondoka katika mitumbwi miwili, kila mmoja na watu wawili wa upondo. Sasa midomo ilikuwa tisa badala ya mitano, kwa maana kwa desturi ya mto mwenye kukodi huwalisha wenye upondo, na jambo hili mwalimu hakuwa ameliandika katika daftari. Mchele uliosalia, kilo 13 na ushei, uligawiwa upya. Mzee wa mtumbwi wa mbele alilichukua jukumu hilo mwenyewe. Aliuliza wana nini, akatazama, akasema, “Wali mara moja, magharibi. Asubuhi chai na mofa. Mchana hakuna.” Hakuna aliyebisha.

Kupanda Tana kwa upondo ni kazi ya kushikilia ukingo, mahali ambapo mkondo ni dhaifu, na kuvuka upande wa pili kila mto unapopinda. Mwezi ule maji yalikuwa machache. Tangu bwawa la Masinga lilipomalizwa mwaka 1981, pamoja na yale mengine ya juu yake na chini yake, mto hautawaliwi na mvua peke yake. Siku moja hupungua mpaka mtumbwi huburutwa juu ya mchanga, na kesho yake huinuka bila wingu kuonekana. Ramani nazo si za kuaminika, kwa kuwa mkondo umehama mara nyingi. Usiku hawakusafiri, kwa ajili ya viboko, na wenyeji waliwakataza kuoshea sufuria majini jua likishakuchwa, maana mamba huijua harufu ya makoko.

Walipita Golbanti, walipouawa mmishenari John Houghton na mkewe Annie mwaka 1886, na Ngao, ambako Wajerumani walijenga misheni yao mara baada ya hapo. Katika njia hii hii alipanda Carl Peters mwaka 1889, baada ya kuingiza silaha zake kwa kukwepa manowari za Waingereza zilizoilinda pwani. Yeye aliijua njia ya kufika, lakini chakula cha msafara wake kilitegemea ghala na mitumbwi ya Wapokomo, na visipotolewa kwa hiari vilitolewa mbele ya bunduki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, ikaja meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia, chini ya Kapteni Dundas. Mto umewaona wageni wengi walioleta kila kitu isipokuwa chakula. Umeona na kinyume chake: mwaka 1961, Tana ilipofunika nchi, vijiji vilivyokuwa visiwani vilitupiwa magunia ya mahindi kutoka angani na ndege za jeshi la Uingereza.

Kilichowalisha watu wetu siku zile sita kilitoka ukingoni. Penye diko moja walibadilisha nazi tatu kwa mkungu wa ndizi. Penye jingine wanawake wa Kiorma walikuwa wameteremka na vibuyu vya maziwa, wakakubali kuuza, na mshoni akawashonea mfuko uliopasuka kuwa nyongeza ya bei. Kijana wa upondo alikuwa na ndoana, akapata kambare kila jioni isipokuwa moja. Jioni ile moja walikula tende. Debe la yule nahodha lilimalizika tarehe 29, juu ya Garsen, mofa ya mwisho ikikatwa vipande tisa kwa kisu cha mwashi.

Mbegu hawakuigusa. Ilikuwa pale miguuni mwao, gunia la mahindi na nusu gunia la mpunga mkavu, na watu tisa wenye njaa walizikalia siku sita kama viti.

Kutoka Garsen mpaka misitu ya Ndera ni kama kilomita 30 na kitu kwa njia ya ndege, lakini kwa mto ni maradufu, na mtu aliyepitwa na mti mmoja asubuhi huuona tena mchana kutoka upande mwingine. Tarehe 30, alasiri, mbega walisikika msituni, kisha wakaonekana watoto juu ya ukingo, wakapiga kelele na kukimbia.

Huko nyumbani tarehe 27 jamaa walikuwa wameshuka dikoni na mikokoteni miwili. Walikuwa wamechinja mbuzi. Bibi alikuwa amekopa mchele kwa jirani, kibaba baada ya kibaba, ili apate sufuria moja ya wageni watano. Tarehe 28 walishuka tena, tarehe 29 akashuka mjomba peke yake, akiwa amekwisha zungumza na Chifu juu ya kutafuta miili. Wakati huo taarifa ilikuwa imepelekwa Garsen. Watu wa mto hawajasahau mashua iliyozama kati ya Kona Punda na Mororo tarehe 28 Aprili mwaka ule ule, na kwao mtumbwi uliochelewa siku tatu si mtumbwi uliochelewa.

Kwa hiyo mapokezi hayakuwa na vigelegele. Mjomba alisimama akawahesabu kwa kidole, mpaka watano wakatimia, ndipo akamwita mwalimu kando. “Mwanangu,” akasema, “umeleta mbegu, nasi tumeshukuru. Lakini siku tatu hizi nani amelima hapa? Tumekaa tukitazama maji.” Mwalimu alisema simu ililowa. “Simu yako ililowa,” mjomba akamjibu, “ya mwenzako je? Garsen hamkupita? Hapakuwa na mtu wa kumpa neno?” Walikuwa wamepita Garsen alfajiri ya tarehe 28, wakiwa na haraka ya kufidia siku walizopoteza, na hakuna aliyeteremka.

Wenye upondo walipewa malipo yao na chakula, wakakaa siku mbili, wakashuka. Mashua ilirudi Lamu kwa mkono wa mvuvi wa Kipini, kwa sababu kaskazi iliyowaleta ilikuwa sasa ni pepo za omo kwa kurudi, na mwashi mvuvi hakuthubutu kubisha njia nzima na wenzake wale. Ilichelewa siku nne, na rehani ikapungua kwa hesabu ya siku nne. Wao wenyewe walirudi kwa basi.

Wiki ile ile mahindi yalipandwa katika unyevu ulioachwa na mto, na mpunga mkavu ukawekwa kungojea maji. Ule gunia na nusu ulioguswa na bahari, bibi aliukagua kwa vidole, akatia punje chache mdomoni, akazitema. Kisha akamwagiza mjukuu wake alete kinu. Jioni ulipikwa, wakaitwa na majirani waliokopesha vibaba vyao, na kila mmoja alirudishiwa chake kwanza kabla sufuria haijaondolewa jikoni. Mtoto mmoja aliuliza kama chumvi imetiwa. Bibi akasema wameitia huko huko Kipini.